Draiva za laptopu mnazitoa wapi wakuu? Mwenzenu nimeshalizwa huku Mbeya

Ndizi_Mzuzu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Niko Soweto hapa Mbeya mjini, nimejifunika blanketi mpaka masikioni, na uzi huu nauandika kwa simu kwa sababu laptopu yenyewe ndiyo mgonjwa.

Nilinunua HP 250 G7 mtumba kwa jamaa aliyekuwa anamaliza chuo. Mashine haina neno, ila ilikuwa inajikokota, nikaipeleka kwa fundi mmoja Mwanjelwa aipige window upya, yaani aifute na kuweka Windows upya. Jioni naifuata, naambiwa tayari, nalipa, nafika geto: waifai hakuna. Siyo kwamba haishiki, hata ile alama yake haipo. Nampigia fundi, ananijibu, "Hiyo draiva tu, ingia Google utapata." Akakata. Draiva, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa kama cha waifai.

Nikaingia Google kwa simu, nikaandika jina la laptopu na neno draiva, nikabofya cha kwanza kilichotokea. Ukurasa una nembo ya HP, una kitufe cha kijani kikubwa kama mlango wa duka. Nikashusha faili, nikalihamishia kwenye laptopu kwa waya. Faili lenyewe MB 4 tu, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Nikaliweka. Likaanza kuhesabu kama konda wa daladala ya Uyole: draiva 37 zimepitwa na muda, 9 ziko hatarini. Ukibofya kurekebisha unaambiwa ulipe kwa kadi. Nikalifunga.

Kesho yake nikachomeka waya wa intaneti ofisini kwa rafiki. Dakika kumi nyingi, ukurasa wa mwanzo wa kivinjari umebadilika, matangazo ya kubeti yanachomoza kwenye kona ya skrini hata nikiwa nimefungua Word peke yake.

Na waifai bado hakuna!

Baba mdogo wa Tukuyu nilipompigia kumwambia natafuta draiva, akasema kuna kijana pale Kiwira ana leseni ya malori na hana kazi. Nimecheka, lakini ndani naumia.

Naomba kujua: ninyi mnazitoa wapi? Na huu uchafu nilioingiza natokaje nao?

Kijungu_Jiko

Pole mkuu. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia ulilibeba mwenyewe.

Hicho "cha kwanza" ulichobofya kilikuwa tangazo. Angalia vizuri siku nyingine, juu yake huwa kuna kineno kidogo kinachosema kimelipiwa.

Isimila_Jiwe

Kamwene wote. Niko Mshindo, Iringa. Nimekaa na kompyuta za watu muda mrefu kiasi, ngoja nikae chini niandike.

Watu wanaichukulia draiva kama programu ya kupigia muziki. Programu ya muziki ni mgeni wa sebuleni. Draiva nyingi zinaingia mpaka chumbani, zinakaa kwenye kiini cha Windows, pale pale inapokaa antivairasi yako. Ikiwa mbovu, mashine inaleta skrini ya bluu. Ikiwa ya mwizi, yuko ndani na funguo zote anazo. Kwa sababu hiyo, tangu Windows Vista ya biti 64 mwaka 2007, Microsoft inadai draiva za kwenye kiini ziwe na sahihi ya kidijitali. Kwa hiyo mkuu swali lako la "mnazitoa wapi" ni zito kuliko swali la "ipi ni mpya". Draiva ya mwaka 2019 iliyotoka kwa mwenye mali ina faida kuliko ya juzi iliyotoka kwa mpita njia.

Mimi naanza na Windows Update. Najua wengi mmeizima kwa ajili ya bando, ila kwa kifaa kama waifai ndiyo njia fupi kuliko zote. Ingia Settings, Windows Update, kisha Advanced options, halafu Optional updates. Humo ndani kuna sehemu ya Driver updates ambayo watu hawaifungui kabisa. Ule waya uliochomeka kwa rafiki yako, ungeuacha kwa muda ukaangalia pale, huenda tusingekuwa na uzi huu.

Ikishindikana, nenda kwa mtengenezaji wa laptopu. Siyo kwa kupitia Google, andika anwani mwenyewe kwa mkono: support.hp.com kwa HP, dell.com/support kwa Dell, pcsupport.lenovo.com kwa Lenovo. Humo usitafute kwa jina la laptopu, tafuta kwa namba ya mashine yako. HP na Lenovo wanataka namba ya mfululizo ya mashine (Serial Number) iliyo kwenye stika ya chini, Dell wana Service Tag yenye herufi na tarakimu saba. Stika imefutika? Fungua PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS, utaiona. Kwa nini namba? Kwa sababu laptopu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti za waifai. HP 250 G7 yako inaweza kuwa na Realtek, ya mwenzako ina Intel. Ukienda kwa jina tu utashusha za wote, bando limeisha na kazi haijaisha.

Halafu kuna jinsi ya kusoma anwani, hili wazee wenzangu linatusumbua. Tafuta ".com" iliyo mwishoni kabisa mwa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) unaofuata jina hilo, halafu soma neno lililoigusa kwa kushoto. Katika support.hp.com neno hilo ni hp, basi uko nyumbani kwa HP. Ukikuta hp halafu kistari halafu neno drivers, hapo si kwa HP, ni kwa mtu aliyejenga kibanda nje ya geti lao akachora nembo yao ukutani.

Faili likishashuka, kabla hujalifungua, bofya kulia, Properties, kuna kichupo cha Digital Signatures. Linalotoka HP jina lake kwa kawaida linaanza na sp likifuatiwa na tarakimu, na mwenye sahihi anaandikwa HP Inc. Kichupo hakipo kabisa? Futa.

Kuhusu kwenda moja kwa moja kwa Intel, NVIDIA au AMD: ni salama, na kwa kadi ya picha ya wanaocheza gemu inafaa. Ila kwa laptopu za zamani Intel inaweza kukukatalia, ikikwambia draiva hiyo haijathibitishwa kwa kompyuta yako. Ukiona hivyo usilazimishe, rudi kwa aliyetengeneza laptopu.

Fundi_Mafinga

Wakuu naona fundi anapigwa mawe hapa, ngoja nimtetee kidogo.

Mimi nina meza yangu Mafinga. Wateja wangu wengine wanashuka kutoka mashambani na mashine asubuhi, wanataka gari la saa kumi. Ukiniambia kila mashine niingie tovuti ya mtengenezaji, niandike namba, nishushe moja moja, bando nani analipa? Mteja anatoa elfu kumi na tano anataka na Office juu. Nina diski ya nje yenye draiva za kila aina, nachomeka, dakika ishirini vifaa vyote vimeamka. Miaka sasa. Hayo ya sahihi na chumbani na sebuleni ni sahihi kwa mwenye faiba nyumbani.

Isimila_Jiwe

Fundi, sikupingi kwenye muda. Nakuuliza moja tu: hiyo diski uliijaza kutoka wapi?

Fundi_Mafinga

Nilinakili kwa mwenzangu Makambako.

Isimila_Jiwe

Na yeye?

Kijungu_Jiko

😂😂 Kimya.

Fundi_Mafinga

Sijui mkuu. Nasema ukweli, sijui.

Loleza_Juu

Fundi usikasirike, kusema sijui mbele za watu ni uungwana. Mimi nilikuwa kama wewe, na sasa hivi sitembei tena na diski ya namna hiyo. Nakupa njia ambayo itakuokolea bando kuliko hiyo diski, na haina shaka.

Mteja akileta mashine ya kupigwa window, mara nyingi draiva zake zimo ndani na zinafanya kazi. Tatizo ni Windows kujaa uchafu, draiva hazina kosa. Sasa kwa nini unazifuta halafu unaanza kuzitafuta? Zitoe kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, tengeneza folda kwenye flashi, tuseme E:\draiva, kisha andika:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Subiri. Itatoa nakala ya draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine ile, zile ambazo hazikuja na Windows yenyewe, kila moja na folda yake. Piga window yako. Ukimaliza, rudisha:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Bila bando na bila diski ya Makambako. Zimetoka kwenye mashine ile ile zinarudi kwenye mashine ile ile. Kama toleo la Windows ni lile lile au la karibu, zinakubali bila shida. Usitoe tu kwenye mashine ambayo unashuku imeshaambukizwa, maana utakuwa unahifadhi ugonjwa.

Na kama ni lazima uwe na mkusanyiko wa nje ya mtandao, kuna Snappy Driver Installer Origin. Ni programu huria, haina matangazo wala haidai kadi. Mkusanyiko wake mzima ni makumi ya GB, kwa hiyo shusha usiku. Lakini hata hiyo ichukue kwa wenyewe, na usibofye "sasisha zote". Chagua kile kifaa kilichokosa draiva tu, vingine viache. Draiva inayofanya kazi huna ugomvi nayo.

Hizi nyingine zinazojiita za kuongeza kasi, zinazokuhesabia 37 na 9, biashara yao ni kukutisha.

Fundi_Mafinga

Hiyo pnputil sikuwa naijua. Kesho najaribu na mashine ya mwalimu iliyopo mezani. Asante mkuu, na mleta mada samahani kwa niaba ya fundi mwenzangu.

Binti_Iyunga

Habari zenu kaka zangu. Mimi nasoma hapa Iyunga, chuo cha MUST. Swali la mtu mwenye GB 1 ya wiki: kama waifai haipo na laptopu haina tundu la waya, Windows Update naifikiaje? Na hizo draiva zinakula kiasi gani?

Loleza_Juu

Dada, simu yako inatosha. Washa data, chomeka simu kwenye laptopu kwa ule waya wa kuchajia, kisha kwenye mipangilio ya simu washa USB tethering. Windows nyingi zinaitambua simu ya Android papo hapo kama kadi ya mtandao, bila wewe kushusha draiva yoyote. Hii mafundi wengi hawaitumii, sijui kwa nini.

Ila kabla ya kuwasha, jiandae, maana Windows mpya ikiona intaneti inakurupuka kushusha kila kitu. Ukishaunganisha tu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uiwekee kwamba ni wa kupimwa, "Metered connection". Hapo inajizuia. Kisha wewe mwenyewe unakwenda Optional updates unachagua moja. Draiva ya waifai ni makumi ya MB. Za picha ndizo zinakula mamia ya MB, hizo ngoja ufike kwenye waifai ya chuo.

Binti_Iyunga

Ndaga fijo kaka.

Kitulo_Maua

Naomba niwe mchokozi. Mnasema "nenda kwa mtengenezaji" kama vile kwa mtengenezaji kuna malaika. Mwaka 2018 wahalifu waliingia kwenye mfumo wa ASUS wa kusambaza masasisho, ule wa Live Update, wakapenyeza programu yao ikiwa na sahihi halali ya ASUS. Watu wakaletewa na kampuni yenyewe, na habari zikatoka hadharani Machi 2019 kupitia Kaspersky, kampuni ya antivairasi. Mwaka 2017 draiva ya sauti ya Conexant iliyokuja na baadhi ya laptopu za HP ilikutwa inaandika kila herufi unayobofya. Kirusi cha Stuxnet cha 2010 kilitumia draiva zilizotiwa sahihi kwa vyeti vya Realtek na JMicron vilivyoibwa. Hiyo sahihi mnayoisifia iko wapi hapo?

Isimila_Jiwe

Mchokozi umechokoza vizuri. Yote uliyosema ni kweli, na ongezea hili: mwaka 2021 iligundulika kwamba draiva moja ya Dell ya kusaidia kusasisha BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine), dbutil_2_3.sys, ilikuwa na tundu la usalama tangu 2009. Miaka 12 imo kwenye mashine za watu.

Lakini angalia kilichofuata. ASUS walitoa toleo jipya na kifaa cha kukagua kama umeguswa. HP walitoa marekebisho. Dell walitoa njia ya kuiondoa. Kulikuwa na mlango wa kugonga. Aliyemliza mleta mada kwa matangazo ya kubeti, utamgongea wapi? Sahihi haikuhakikishii kwamba draiva ni safi. Inakwambia nani wa kumdai, na kwamba faili halikuguswa baada ya yeye kulitia.

Na mifano yako inanipa sababu ya kusema lini usasishe, maana Loleza_Juu amesema waziwazi kwamba inayofanya kazi iachwe. Nasasisha kifaa kisipofanya kazi, nikihamia Windows nyingine (wengi tumehama Windows 10 baada ya msaada wake kuisha tarehe 14 Oktoba 2025), na mtengenezaji anapoandika kwamba toleo hili linaziba tundu la usalama. Sababu ya nne sinayo.

Kitulo_Maua

Hapo nimekuelewa. Nilitaka uliseme tu.

Mzee_wa_Rungwe

Vijana, hizo za BIOS nazo ni draiva? Mwanangu aliniambia nisasishe, orodha ya HP inaionyesha kule juu kwa herufi nyekundu.

Loleza_Juu

Shikamoo mzee. Hiyo ni ndugu wa draiva lakini ni ya kuogopwa zaidi. Inaandikwa kwenye chipu ya ubao wenyewe, na umeme ukikatika katikati mashine inaweza isiamke tena. Jirani yangu lilimkuta, betri yake ilikuwa imekufa na alitegemea chaja peke yake. Kwenu Rungwe na mvua zile na radi, umeme hauna ahadi. Betri ijae, chaja iwe imechomekwa, mashine uiache itulie mpaka imalize.

Jambo la pili: kama mashine ina BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski), isimamishe kwanza, na hakikisha unao ule ufunguo wa tarakimu 48. Huwa unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Watu wamesasisha BIOS vizuri kabisa, mashine ikawaka, ikawauliza tarakimu 48, wakabaki wanaangaliana.

Kama hakuna kinachokusumbua mzee, mngoje mwanao aje likizo.

Mzee_wa_Rungwe

Marahaba. Nitamngoja.

Isimila_Jiwe

Mleta mada, kuhusu uchafu wako. Kuondoa hiyo programu kwenye Settings haitoshi, sijui iliacha nini nyuma. Tena nina wasiwasi na jambo ambalo hukuliuliza: window yenyewe aliyokupigia fundi aliitoa wapi? Unaweza kuhangaika na draiva safi juu ya Windows iliyochezewa.

Mimi ningeanza upya. Hifadhi nyaraka zako tu, usihifadhi faili za kuwekea programu. Shusha Media Creation Tool kwenye tovuti ya Microsoft, tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi, futa diski yote, weka upya. Laptopu iliyokuja na Windows kiwandani kwa kawaida leseni yake imeshajulikana, itajiwasha yenyewe ikipata intaneti. Na kwa kutumia simu yako, badilisha nywila ya barua pepe uliyofungulia humo.

Ndizi_Mzuzu (mleta mada)

Wakuu nimerudi, siku tatu baadaye. Nilikwenda kushushia Windows kwa rafiki yule yule mwenye waya, nikafuta kila kitu. Leseni imejiwasha yenyewe kama mzee wa Iringa alivyosema.

Kama ilivyotarajiwa, waifai hamna. Nikaenda Device Manager, kifaa chenye alama ya njano, Properties, Details, Hardware Ids. Kimeandikwa VEN_10EC&DEV_C821.

Loleza_Juu

10EC ni Realtek. C821 ni kadi ya RTL8821CE, inajulikana kwa kususa kwenye window mpya. Ingekuwa Intel ungeona 8086, wameweka namba ya chipu yao ya mwaka 1978, watu wa Intel wana kumbukumbu. Chomeka simu.

Ndizi_Mzuzu (mleta mada)

Nimechomeka simu, nikaweka ya kupimwa, Optional updates, ilikuwepo ya Realtek. Dakika nne alama ya waifai hiyo hapo. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango.

Kimebaki kifaa kimoja, "Unknown device". Kinasema ACPI\HPQ6001. Windows Update haikijui. Nisakie Google? 😅

Isimila_Jiwe

Thubutu! HPQ ni HP wenyewe. Hicho ni kile kitufe cha kibodi chenye alama ya ndege. Ingia support.hp.com, weka namba ya mashine, tafuta HP Wireless Button Driver.

Ndizi_Mzuzu (mleta mada)

Ipo, inaanza na sp, sahihi HP Inc. Nimeweka. Alama ya njano imeondoka.

Fundi_Mafinga

Na mimi niripoti: mashine ya mwalimu nimeitoa draiva kwa pnputil, nikapiga window, nikarudisha. Zote zimekubali isipokuwa ya printa, na hiyo printa ameiacha nyumbani kwake Sadani kwa hiyo sijaijaribu. Ile diski ya Makambako nimeifomati, nimeweka picha za harusi ya mdogo wangu.